Geuza Jibu Kwanza: Namna ya Kukabili Maswali Magumu ya LSAT

Tuanze na swali, maelezo yatafuata. Soma taratibu:

Mahakama ya mji mmoja ilianza kuwatumia washtakiwa meseji za kuwakumbusha tarehe ya kesi. Mwaka uliotangulia, washtakiwa 400 hawakufika mahakamani. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilishuka hadi 150, ingawa kesi zilikuwa nyingi vilevile. Kwa hiyo, wengi wa waliokuwa hawafiki hawakuwa wanakwepa kesi. Walikuwa wanasahau tarehe tu.

Hoja hii haiwezi kusimama bila lipi kati ya haya?

A. Kila mshtakiwa aliyetumiwa meseji aliisoma.
B. Katika miji mingi, kusahau tarehe ndiyo sababu kuu ya watu kutofika mahakamani.
C. Kushuka huko hakukusababishwa hasa na wakwepaji walioingiwa na hofu baada ya kupata meseji.

Umechagua? Usiendelee kabla hujachagua, hata kama unabahatisha.

Swali hili nimelitunga mwenyewe, ila limekaa kama yale ya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada. Kwenye mtihani wenyewe majibu huwa matano, na muda haukusubiri: dakika 35 kwa sehemu yenye maswali 24 hadi 26. Piga hesabu, ni kama sekunde 80 kwa swali, kusoma humohumo. Na tangu Agosti 2024, yale mafumbo ya kupanga watu na vitu yalipoondolewa, sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili kati ya tatu. Ukiyumba hapa, huna pa kujifichia.

Sasa, wengi huvutwa na B. Kwa nini? Kwa sababu inaaminika. Nani hajawahi kusahau tarehe? Tena inaelekea kulekule hitimisho linakoelekea, basi akili inapumzika: "ndiyo, hili hili." Mwaka 1983 Jonathan Evans na wenzake walionyesha kwamba watu hukubali hoja mbovu kwa urahisi zaidi pale hitimisho lake linapofanana na wanachokiamini tayari. Watunga mtihani wanajua udhaifu huo vizuri sana, na ndipo wanapotega.

Dawa yake ni kuligeuza jibu. Likanushe, kisha uliangalie kama hoja bado imesimama.

Kanusha B: katika miji mingi, kusahau si sababu kuu. Sawa, na iwe hivyo. Hoja yetu inahusu mji mmoja, wenye takwimu zake. Haijatikisika. B nje.

Kanusha A. Hapa kuwa makini, maana Kiswahili chetu cha kila siku kinaweza kukuponza. Ukisema "wote hawakusoma", msikilizaji anaweza kuelewa hakuna hata mmoja aliyesoma. Kukanusha "kila mtu alisoma" ni kusema "si wote waliosoma": labda ni mmoja tu hakusoma, simu yake iliibiwa. Mtu mmoja hatoshi kuangusha hoja yenye watu 400. A nje.

Kanusha C: kushuka kulitokana hasa na wakwepaji walioshtuka, wakajua mahakama inawafuatilia. Lo! Ushahidi wote tuliokuwa nao ulikuwa ni kule kushuka, na sasa unaonyesha kitu kingine kabisa. Hoja imekufa. Jibu ni C.

Lakini ngoja, hapa ndipo penye utamu. Hata baada ya kukanusha C, hitimisho lenyewe bado linaweza kuwa kweli! Pengine wengi walikuwa wanasahau kweli, ila meseji hazikuwasaidia. Hilo halikuhusu. Hujaulizwa kama watu husahau. Umeulizwa kama ushahidi huu unafikisha kwenye hitimisho lile. Mimi ilinichukua muda mrefu kukubali tofauti hiyo; nilikuwa nagombana na majibu sahihi kana kwamba yamenikosea adabu.

Kwa nini kugeuza ni kugumu hivi? Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alibuni jaribio maarufu mwaka 1966. Una kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande mwingine. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ufunue zipi ili kujua kama kanuni ni ya kweli? Wengi husema A na 4, au A peke yake. Sahihi ni A na 7. Ile 4 haiwezi kuvunja kanuni, chochote kilicho nyuma yake. 7 ikiwa na irabu nyuma inaivunja palepale. Jaribio hili likitolewa kwa herufi na namba hivi, kwa kawaida hata mtu mmoja kati ya kumi hapati. Tunapenda kufunua kadi inayokubaliana nasi. Kukanusha jibu ni kujilazimisha kufunua ile 7.

Kuna kitu kimoja ambacho Kiswahili, badala ya kukuponza, kinakusaidia. Masharti ya Kiingereza huchanganya watu, kwa hiyo yatafsiri kichwani. "Ukilipa, utaingia": kulipa kunatosha. "Mpaka ulipe ndipo uingie": kulipa ni lazima, ila hakujasemwa kwamba kunatosha, mlangoni wanaweza bado kukudai kitambulisho. Ukiona sharti lolote, jiulize tu: hili ni la "ukilipa" au la "mpaka ulipe"? Maswali mengi magumu yanakaa hapohapo katikati.

Wiki za kwanza weka saa pembeni. Swali moja likikula dakika kumi, acha likule, mradi ukanushe kila jibu na uandike kwa nini lile baya lilikuvutia. LSAC, wanaoandaa mtihani huu, wameweka mitihani kadhaa ya zamani bure kwenye LawHub. Anza na ule uliokwisha kuufanya ukakosa.