Paka wa Chumba cha Kona

Nyumba ya kupanga ya kawaida hapa Isongole, upande wa Tanzania wa mpaka na Malawi, haina ghorofa wala mlinzi getini. Ni vyumba vinavyotazamana kuzunguka ua mmoja, bomba moja, choo kimoja au viwili. Ukiuliza habari za kufuga, dalali hujibu upesi: "Mama hataki wanyama." Unalipa kodi ya miezi sita, unahamia, na alfajiri unaamshwa na jogoo wa mama mwenye nyumba mwenyewe. Chumba cha kona kina paka wawili, na hakuna anayewasema. Wewe ukileta mbwa, unaitishiwa kikao.

Je, sharti linalombana mmoja na kumwacha mwingine lina nguvu kisheria? Jibu halitawafurahisha wapangaji wengi: paka wa jirani hakupi haki ya kufuga. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Pango ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, sehemu kubwa ya mambo haya huamuliwa na makubaliano kati yako na mwenye nyumba. Kila mpangaji ana mkataba wake. Mwenye nyumba anaweza kumruhusu mpangaji wa chumba cha kona na kukukatalia wewe, na hapo utasema ana upendeleo, lakini hajavunja mkataba wako. Kuku wake nao hawamo katika sharti lako, kwani yeye si mpangaji. Wakichafua mlango wako kila siku, hiyo ni kesi nyingine: Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka amwache mpangaji akae kwa utulivu.

Kinachopimwa ni jinsi alivyokutendea wewe. Tuseme mbwa wako amekuwepo tangu msimu wa mahindi uliopita. Mama amemwona kila anapofuata kodi, amemrushia hata mfupa, amepokea fedha na kuondoka. Kisha mnagombana juu ya bili ya umeme, na ghafla mbwa anakuwa kosa. Sheria ya Ushahidi ina kanuni kwamba mtu aliyemfanya mwenzake kwa makusudi aamini jambo, kwa kauli, kitendo au ukimya wake, na mwenzake akatenda kwa imani hiyo, hawezi kugeuka baadaye na kulikana. Si ushindi wa moja kwa moja, maana lazima uthibitishe kwamba alijua. Risiti zenye tarehe na majirani walioona vitakusaidia.

Jiji la New York liliandika wazo hili waziwazi katika sheria yake ya mwaka 1983. Katika majengo mengi ya kupanga, mpangaji akifuga mnyama bila kujificha kwa miezi mitatu, na mwenye jengo akajua asifungue shauri, sharti la kutofuga hupoteza nguvu kwa mnyama huyo. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwaka 1970, ikabatilisha masharti yanayokataza kabisa wanyama wa nyumbani katika nyumba za makazi, ingawa baadaye mbwa hatari waliondolewa katika kinga hiyo. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo, na kwa maoni yangu ule muda wa miezi mitatu ungetufaa.

Hata hivyo, kuhusu mbwa niko upande wa wenye nyumba wenye wasiwasi. Mbwa hana pasi ya kusafiria. Anazurura bila kujua wapi Ileje, wilaya yetu, inaishia na Chitipa ya Malawi inaanzia. Karibu watu wote wanaougua kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Ndiyo maana wataalamu hulenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ua wenye watoto wanaocheza chini una haki ya kudai kadi ya chanjo yenye tarehe. Ila dai hilo limguse kila mwenye mbwa, pamoja na mbwa wa mama wa kulinda usiku.

Sheria inaruhusu mkataba wa pango wa mwaka mmoja au pungufu uwe wa mdomo, na hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Fomu za mkataba za maduka ya steshenari nazo husema tu "mpangaji haruhusiwi kufuga mnyama wa aina yoyote", sharti ambalo mwenye nyumba mwenyewe hakusudii kulisimamia. Sharti linalofaa ni fupi: mnyama gani, wangapi, wamefungiwa wapi usiku, nani anasafisha ua, chanjo inaonyeshwa lini. Na kama tayari kuna ugomvi, mwenye nyumba anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ya mnyama anapaswa kukupa notisi inayotaja kosa na muda wa kulirekebisha. Msipoelewana, anzieni usuluhishi katika Baraza la Kata kabla ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu fedha za miezi sita mbele ya dalali, omba kuonana na mwenye nyumba, umtajie mnyama wako, na neno lake liandikwe kwenye mkataba kabla hamjatia sahihi.