Majani Yanayowapa Samaki Pumzi

Pengine mmepata kuliona jambo hili. Mtoto avua visamaki viwili kijitoni, avitia katika chupa kubwa ya maji safi, kisha aenda kulala kwa furaha. Kulipokucha avikuta vimekufa, vinaelea matumbo juu. Maji yalikuwa safi, hata chakula alivipa. Kilichokosekana ni pumzi.

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na kutoa hewa ya kaboni. Watu wa Sake na Goma waijua sana hewa hiyo: ndiyo ijikusanyayo katika mabonde ya mazuku, ikaua mbuzi na hata mwanadamu. Lakini hewa hiyohiyo ni chakula cha majani mabichi. Mwaka 1779 mganga Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha ya kuwa majani yaliyozamishwa majini yakipata mwanga wa jua hutoa mapovu ya hewa njema. Gizani hayafanyi hivyo. Na mwaka 1850 Robert Warington, mtaalamu wa kemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka katika chombo kimoja samaki wawili wa rangi ya dhahabu, mmea uitwao valisineria, na konokono wa kula majani yaliyooza. Wote wakaishi pamoja.

Basi hata katika shule ya Mushaki, pasipo umeme wala pampu, yawezekana kutunza tangi la kioo lenye samaki. Yatupasa tu kuchagua mimea kwa akili.

Kanuni ya kwanza ni hii: chagua mmea upatanao na maji yako, usichague kwa uzuri wake tu. Usiku wa Mushaki ni wa baridi. Hapa yafaa seratofilamu, mmea laini kama mkia wa paka, usio na mizizi, uelekeao kuota karibu pande zote za dunia; wauacha uelee tu. Yafaa pia valisineria, yenye majani marefu kama utepe, iotayo hata katika ziwa Tanganyika. Lakini ndugu zetu wa Walikale, waliomo katika joto la misitu, waweza kutunza anubiasi, mmea wenye majani magumu ya kijani kibichi, upendao kivuli na ukuao polepole. Yungiyungi ni zuri, lakini liacheni ziwani: majani yake mapana hufunika tangi dogo na kuzuia mwanga.

Namna ya kupanda ni nyepesi. Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, uutandaze kwa unene wa vidole vinne. Mizizi ya valisineria uifukie, lakini shingo ya mmea ibaki juu, isije ikaoza. Anubiasi usiifukie shina lake. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe jeusi la volkano, nayo itajishika yenyewe. Weka tangi mahali pa kupata jua la asubuhi, si jua kali la mchana, maana mwanga ukizidi maji hugeuka kijani kwa mwani. Ngoja majuma mawili mimea ishike, ndipo uweke samaki, nao wawe wachache. Kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Tilapia usiwaweke: hufukua mchanga, na wengine hula majani. Kila juma badilisha robo ya maji.

Wazazi na walimu, angalieni jambo moja. Konokono wengine wa maji baridi hubeba kichocho. Mtoto asiingie ziwani kutafuta mimea. Mtu mzima aivute ukingoni kwa fimbo ndefu, kisha ioshwe na kukaguliwa vizuri.

Limebaki neno lililo kubwa kuliko yote. Mimea ikizaa mno, tutaitupa wapi? Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini. Watu walilipenda kwa ua lake, wakalichukua kupamba mabwawa na bustani. Miaka ya 1950 likaonekana katika mto Kongo, likapewa jina la Kongo ya sika, yaani Kongo mpya. Kabla ya mwaka 1990 kwisha lilikuwa limefika ziwa Victoria. Likafunga njia za mitumbwi, likawanyima samaki hewa, kwa maana laweza kujiongeza maradufu kwa majuma mawili hivi. Mwaka 1995 Uganda ilianza kuwaachia ziwani humo fukusi wa kulila, nao pia walitoka Amerika ya Kusini. Walilipunguza sana, ila hawakulimaliza mpaka leo.

Ajabu ilioje! Jani lililokuwa pambo bwawani likawa adui wa mvuvi ziwani. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo mimea iliyozidi tusiitupe kijitoni hata kidogo, wala samaki wageni tusiwaachie. Kijito huenda mtoni, na mto hauna mlango wa kufungwa. Tuianike mimea juani mpaka ikauke kabisa, kisha tuichimbie katika shamba la maharagwe, iwe mbolea.

Mtoto ajifunzaye hayo mbele ya tangi dogo la kioo, kesho atajua kulinda ziwa zima.