Vidimbwi vya Millpu: Kabla ya Kupanda
Maji ya Millpu, nchini Peru, ni ya rangi ya feruzi, yamejipanga bondeni kidimbwi baada ya kidimbwi. Anayekusudia kuyazuru na achague kati ya Mei na Oktoba. Mvua zikinyesha, maji huchafuka, feruzi ikapotea. Kuoga humo kumekatazwa. Shaka kubwa ni kimo: mita 3,500 hivi, karibu mara mbili ya Nairobi, nasi tumezaliwa usawa wa bahari. Mzazi mwenye maradhi ya moyo, au mama mjamzito, asipande kabla ya kumwuliza daktari. Laleni kwanza mjini Ayacucho siku mbili tatu. Kichwa kikiuma na pumzi zikipaa, shukeni, msione haya. Khofu za ngozi zisisahauliwe. Zikivaliwa kwa udhu, msafiri hupangusa siku tatu, na alfajiri ya kule maji ni kama barafu.