Kibodi Ikigoma, Tusiharakishe Kuitupa

Mji wa Emali, katika kaunti ya Makueni, uko kando ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka Mombasa, mahali inapochepukia njia ya Loitokitok. Ni nchi kavu, na kiangazi vumbi huingia kila pembe ya nyumba.

Mwezi uliopita tulifikia huko kwa dada yetu mmoja, mama wa watoto wanne, apataye riziki kwa kuwachapia watu barua na maombi ya kazi. Tulimkuta amejiinamia. Kompyuta yake ya mkononi ilikuwa haitoi herufi A ila igongwe kwa nguvu, na herufi J, K na L zilitoa tarakimu. Na nani awezaye kuandika Kiswahili pasipo A? Fundi mmoja alimshauri anunue kompyuta nyingine, ilhali fedha alizokuwa nazo zilikuwa karo ya mwanawe.

Tuliketi naye, tukaanza kwa kuuliza kabla ya kufungua chochote.

Je, kibodi imeharibika, au imegeuzwa tu? J, K na L zikitoa 1, 2 na 3, aghalabu Num Lock imewashwa kwa bahati mbaya. Tuliizima, na herufi hizo zikarejea.

Je, ila iko kwenye kibodi au kwenye kompyuta yenyewe? Tuliazima kibodi ya nje, tukaichomeka. A ikachapika bila taabu. Tukajua kompyuta ni nzima.

Je, ni kitufe kimoja au ni kundi? Chini ya vitufe mna karatasi za plastiki zenye njia nyembamba za umeme, na kila njia huhudumia vitufe kadhaa. Kundi likifa kwa pamoja, huenda njia imekatika. Hapo hubadilishwa kibodi peke yake, si kompyuta nzima. Kikisumbua kimoja, mara nyingi ni uchafu.

Basi tukazima kompyuta, tukachomoa chaja, tukaipindua na kuipigapiga taratibu. Kisha tukakibandua kitufe cha A kwa uangalifu mkubwa, kwani vibano vyake huvunjika upesi. Chini yake palikuwa na vumbi lililogandamana na chai ya sukari. Tulipafuta kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, tukaacha pakauke kabisa, ndipo tukakirudisha.

Neno la kwanza alilochapa lilikuwa Alhamdulillahi, na A zake zote zikatokea.

Kina mama wenzetu, chai au maji yakimwagikia kompyuta ya mkononi, izimeni papo hapo, chomoeni chaja, muipindue, wala msiiwashe kujaribu. Mpelekeeni fundi ikiwa imezimwa. Na fundi akisema nunua mpya, mwulizeni kwanza kilichoharibika ni kipi, na amekijuaje. Mali ni amana, na swali halina gharama.