Istilahi za Urejelewaji: Mfano wa Tafiti za Mwanza

Mfasiri akiletewa wasifu wa mtafiti ili autafsiri kwa ajili ya kamati ya kupandisha vyeo, maneno machache humtatiza. Akikosea yeye, kamati nayo itakosea, na atakayeumia ni mtafiti. Makala haya yanakusudia kuyafafanua maneno hayo kwa kutumia tafiti mbili zilizofanywa Mwanza, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake.

1. Kinga. Neno hili lina maana mbili: hatua zichukuliwazo ili watu wasiugue, na uwezo wa mwili wenyewe wa kupambana na vijidudu. Mwaka 1995 Heiner Grosskurth na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya utafiti uliofanywa katika jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Pale ambapo zahanati na vituo vya afya viliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Hiyo ni kinga kwa maana ya kwanza. Katika utafiti wa DoRIS, uliochapishwa mwaka 2022, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa dozi moja, mbili au tatu dhidi ya virusi vya papiloma, visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi. Kisha kingamwili zilipimwa katika damu yao. Hiyo ni maana ya pili. Anayeandika "mtafiti wa kinga" kwa wote wawili huwachanganya. Inapendekezwa kusema afya ya kinga kwa taaluma ya kwanza, na elimu ya kinga ya mwili kwa ya pili.

2. Kurejelea. Wengi husema kunukuu. Lakini kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo, ambapo mwanasayansi kwa kawaida hutaja tu kazi anayoitegemea au anayoipinga. Huko ni kurejelea. Orodha iliyo mwishoni mwa makala ni marejeleo; kazi kutajwa na wengine ni kurejelewa, na hali hiyo ni urejelewaji. Kiambishi cha kutendwa chatosha kumtenga anayetaja na anayetajwa. Hapana haja ya kukopa neno.

Urejelewaji si sifa. Mwaka 1999 watafiti wa Rakai, Uganda, upande wa pili wa ziwa, walichapisha matokeo yaliyotofautiana na yale ya Mwanza: kuwatibu watu kwa wingi magonjwa ya zinaa hakukupunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Aliyetaka kuieleza tofauti hiyo alilazimika kuutaja utafiti wa Mwanza, na kila kutajwa kulihesabiwa sawa, kuwe kwa kuunga mkono au kwa kutilia shaka.

3. Uzito. Athari ni neno tulilozoea kulisikia pamoja na mafuriko na ukame. "Athari za mtafiti" yaweza kusomeka kama lawama. Inafaa kusema uzito. Hata hivyo, uzito wa jarida, yaani wastani wa kurejelewa kwa makala yake, usichukuliwe kuwa uzito wa mwandishi.

4. Fahirisi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha mtafiti mmoja mmoja: ana fahirisi ya 10 iwapo makala yake 10 yamerejelewa angalau mara 10 kila moja. Fahirisi ni neno lilelile la takwimu za bei. Faharasa liachiwe orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu.

Katika utafiti wa DoRIS, karibu wasichana wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya virusi vya aina ya 16 baada ya miezi 24. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, kwa kuzingatia pia ushahidi wa nchi nyingine, lilikubali matumizi ya dozi moja, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2024. Msichana wa Sengerema anayechomwa sindano moja badala ya mbili hamrejelei mtu yeyote, na hakuna fahirisi inayomhesabu. Kwa hiyo mfasiri aandike "mara zilizorejelewa", asiandike "manufaa". Kamati ikihitaji kuyajua manufaa, na iulize swali hilo kwa jina lake.