Mtoto Anayelala Kinywa Wazi: Tazama Pua Kabla ya Meno

Usiku wa leo watoto wakishalala, chukua taa uwatazame. Mtoto asiye na shida hulala kinywa kimefungwa, anavuta hewa kwa pua, wala humsikii. Lakini katika nyumba nyingi utamkuta mmoja kinywa wazi, mate yameloanisha mto, anakoroma kama mzee, na mara kwa mara anasaga meno hata chumba cha pili wanasikia. Baadhi ya wazazi hucheka. Wengine husema ni minyoo, na wengine husema karogwa. Tueleze basi kinachotokea, maana pua, taya na meno ni majirani, na mmoja akiumwa wengine hawakai salama.

Njia ya hewa ni pua. Ndani yake mna vinyweleo na ute unaonasa vumbi, na hewa hupashwa joto kabla ya kufika mapafuni. Kinywa hakifanyi kazi hiyo vizuri. Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, kuna vinyama ambavyo watu huviita nyama za pua. Chini yake, pande mbili za koo, yako mafindofindo. Vyote ni askari wa mwili wa kupambana na vijidudu. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 7 nyama za pua huwa kubwa, kisha hunywea kadiri anavyokua. Mtoto wa mafua ya kila mara huvimba vinyama hivyo mpaka njia ikazibwa. Nasi hapa Mpemba tuna vumbi na malori ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na jikoni tuna moshi wa kuni. Vitu hivi haviisaidii pua.

Pua ikiziba, mtoto hana budi kufungua kinywa. Hapo ndipo taya linapoingia. Kinywa kikiwa kimefungwa, ulimi hulala juu, umegusa kaakaa. Ulimi husukuma taya la juu kutoka ndani na mashavu husukuma kutoka nje, na nguvu hizo zikilingana taya hupanuka sawasawa. Kinywa kikiwa wazi usiku na mchana, ulimi hushuka chini. Mashavu hubaki yanabana bila mpinzani. Baada ya miaka, mara nyingi taya la juu huwa jembamba, kaakaa hupanda juu kama paa la msonge, na meno ya ukubwani hukosa nafasi. Mkulima anajua mahindi yaliyobanana shimo moja yanavyoota: moja huenda mbele, jingine hupinda nyuma.

Mwaka 1981 mtaalamu Egil Harvold na wenzake huko California, Marekani, walieleza jinsi walivyoziba pua za kima wachanga ili wavute hewa kwa kinywa. Wanyama hao waliota mataya na meno yasiyo sawa. Lakini si kila taya dogo linatokana na pua. Wengine wamerithi. Wengine wamenyonya kidole mpaka umri wa shule. Na wengine waling'olewa magego ya utotoni mapema mno, meno ya jirani yakaegemea pengo na kuziba njia ya jino jipya.

Hapa nataka niseme wazi juu ya dawa mbili za mitaani. Ya kwanza ni kukata kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Mtoto anakohoa au anakoroma, anapelekwa akakatwe kwa kisu au wembe. Kimeo hakizibi pua, na kukikata hakupunguzi nyama za pua. Kinacholetwa na kisu hicho ni kutoka damu nyingi, usaha na pepopunda. Watoto wamekufa kwa jambo hili. Ya pili ni kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, imani iliyoenea nchini katika miaka ya 1980. Mtoto mchanga ana homa au anaharisha, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anauchimba. Ule si ugonjwa. Ni jino la chonge la utotoni lililo njiani kutoka. Achimbaye hapo anaweza kuharibu na chonge la ukubwani lililo chini yake, na mtoto akabaki na pengo au jino lililopinda maisha yake yote.

Mama mmoja aliniuliza, "Sasa daktari, kama hukati kimeo, utamfanya nini mwanangu?" Swali ni la haki. Kwanza tunatazama pua. Ikiwa tundu moja tu limeziba na linatoa usaha wenye harufu mbaya, mara nyingi mna punje ya mahindi au haragwe alilojitia akicheza. Usichokoe kwa njiti, mlete zahanati. Ikiwa ni mafua, chukua kikombe cha robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, umdondoshee matone machache kila tundu. Mpishie mbali na anapolala. Lakini mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayekatika pumzi kisha akashtuka, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au anayesinzia darasani, anahitaji kuonwa na daktari wa pua na koo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko yapata kilometa 100 kutoka hapa. Huyo anayesinzia mara nyingi huchapwa kwa uvivu, kumbe hakulala. Na mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, au midomo imegeuka rangi, apelekwe saa hiyo hiyo.

Njia ya hewa ikifunguka, ndipo meno yashughulikiwe. Mfupa wa kaakaa umeungana katikati kwa mshono ambao utotoni bado haujakaza. Daktari wa kupanga meno huweka chuma chenye skrubu, nacho huzungushwa kidogo kidogo kwa ufunguo mpaka taya la juu lipanuke, kisha huachwa miezi kadhaa mfupa ujijenge. Nyaya za kunyoosha meno huvaliwa mara nyingi mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa mtu mzima mshono umekaza, na mara nyingine hulazimu upasuaji. Ndiyo maana umri wa miaka 7 hadi 9 unafaa kumwonesha mtoto. Madaktari hawa ni wachache, wengi wako Dar es Salaam, na gharama si ndogo. Lakini kutunza magego ya utotoni na kutibu pua mapema kunawezekana hata hapa kijijini.

Kuhusu kusaga meno: watoto wengi huacha wenyewe meno ya ukubwani yakiota. Dawa ya minyoo mpe kwa ajili ya minyoo. Mtu mzima anayeamka taya linauma na kichwa kizito, apunguze pombe, sigara na kahawa ya jioni, na mchana achunguze kama anauma meno akiwa na mawazo: midomo ifungwe, meno yaachane. Daktari wa meno anaweza kumtengenezea kinga ya kuvaa usiku. Akiwa pia anakoroma na kukatika pumzi, amwambie daktari hilo kwanza. Aje na anayelala naye, kwa kuwa yeye ndiye anayesikia.