Maua ya micheri Japani hayamngoji msafiri

Anayetaka kuyaona maua ya micheri nchini Japani hana budi kuchagua tarehe kabla ya kuchagua mji. Tangu kuchanua hadi kupukutika hupita takriban wiki mbili tu, na mvua yenye upepo huweza kuzifupisha.

Maua hufuata joto, kutoka kusini kwenda kaskazini. Okinawa, yenye aina yake ya micheri, huanza Januari. Zamu ya Tokyo na Kyoto huwa mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, ilhali Hokkaido husubiri hadi karibu na Mei. Jijini Tokyo, maofisa wa hali ya hewa huukagua mti mmoja katika hekalu la Yasukuni. Maua matano au sita yakifunguka, msimu hutangazwa, na kilele hufika baada ya kama wiki moja.

Aina iliyoenea zaidi, Somei Yoshino, huoteshwa kwa kubebesha vikonyo vya asili moja, si kwa mbegu. Ndiyo maana bustani nzima, kama ile ya Ueno, huchanua kwa pamoja.

Hata hivyo, kalenda ya zamani haitegemewi tena. Mwaka 2021 kilele cha Kyoto kilifika Machi 26, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za zaidi ya miaka 1,000. Aliyekosea tarehe kwa siku chache angali na mlima Yoshino, mkoani Nara, ambako micheri ya chini hutangulia kuchanua na ya juu hufuata baadaye.